Goti Jipya la Bibi: Tandika hadi Mikocheni na Kurudi

Mmeniuliza sana likizo ile nilipotelea wapi. Rukia alinibana mpaka kwenye foleni ya bomba shuleni, nikamjibu, "Nilikuwa namuuguza Bibi," basi, nikanyamaza. Sikuwa naficha kitu. Mnanijua mie, mtu akinitazama usoni maneno yanakimbilia mvunguni. Nikiwa peke yangu na kalamu ndiyo yanatoka. Kwa hiyo nawaandikia, msome mkiwa wote pamoja, mie nikiwa sipo.

Kama safari ni kwenda mbali, hii mtacheka. Kutoka kwetu Tandika hadi Mikocheni, mwenye gari lake na barabara nyeupe anakwenda na kurudi chai haijapoa. Sie ilitumalizia likizo nzima. Na sasa hivi nimeketi barazani kwetu, naikumbuka kama watu wanavyokumbuka Makka.

Tandika, kabla ya kutoka

Nianze na mwendo wa Bibi, maana bila huo hamtaelewa kitu.

Nilipokuwa mdogo, Bibi ndiye aliyekuwa akinipeleka madrasa, na jioni tunakwenda wote sokoni kununua mchele wa vitumbua. Bibi Siwema alikuwa anatembea kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Khanga inapiga *pwa pwa*, mie nyuma nakimbia na kandambili zinanitoka. Hageuki. Anasema tu mbele kwa mbele, "Mie sikungoji, mke mwenza! Sikungoji!" Lakini tukifika kwenye kona ya msikiti, kila siku, mtandio wake unalegea. Anasimama kuufunga. Anaufunga, anaufungua, anaufunga tena, mpaka mie nifike. Halafu tunaendelea.

Baadaye goti likaanza kusaga. Mwaka mmoja, miwili, mguu ukapinda kama upinde. Mie ndiye nikawa natangulia. Na kwa kuwa Bibi hapendi kungojwa, nikajifunza kusimama pale kwenye kona na kuinama kama natengeneza mkanda wa kandambili. Natengeneza weee, mpaka afike. Hakuna aliyesema neno.

Halafu akawa hawezi kuinuka kwenye kigoda cha vitumbua bila watu wawili kumvuta. Vitumbua vikaisha. Baraza likanyamaza.

Nafasi ya kubadilishwa goti ilitoka kwa Wahindi wa msikitini mjini, wale Mashia, ambao kila mwaka huchangishana kuwatibia watu ambao goti la bandia wanalisikia redioni tu. Habari za kuandikishwa naziruka, hazina utamu. Jioni ile ya kuaga ndiyo naikumbuka. Baba Mdogo Hamisi, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikuja kutoka kwake Sinza, akakaa kwenye ngazi za mlango. Ngazi zile Babu, Mungu amrehemu, alizimwaga zege mwenyewe, ndiyo maana hakuna inayolingana na mwenzake.

"Mama," akasema, "nasema mbele ya Mwaju awe shahidi. Ukirudi ukaweza kupanda ngazi hizi na kwenda uwani mwenyewe bila kushikwa, utakaa kwako. Usipoweza, utahamia kwangu Sinza moja kwa moja, na hapa tutaweka mpangaji. Siwezi kulala nikifikiria umeanguka chooni."

Baba Mdogo si mbaya. Ana huruma mpaka inakera.

"Mpangaji mlete," Bibi akajibu. "Mwambie tu kunguni ni wangu, wasinywe damu ya mtu mwingine."

Sie tukacheka. Lakini usiku Bibi alipitisha mkono kwenye kizingiti cha mlango wake kama anayempapasa mtoto aliyelala, nikajua kimemwingia.

Tandika – Buguruni

Chidi wa mtaani kwetu ndiye alitupakia kwenye bajaji yake. Bibi mguu kaunyoosha, mie pembeni nimekumbatia bahasha kubwa ya picha za eksirei na kikapu cha khanga. Tulifika Buguruni vizuri. Pale karibu na soko, *tsss*, tairi.

"Bi mkubwa, dakika mbili tu," Chidi akasema. Wenye bajaji wote wana dakika mbili, ila kila mmoja ana saa yake.

Muuza nyanya akatupatia tenga tupu, akaligeuza, Bibi akakaa. Jua linawaka, magunia yanapita vichwani, watu wanapiga kelele "mzigo, mzigo!" Kando yetu mama mmoja mnene alikuwa amekaa nyuma ya madumu ya asali, fimbo mapajani. Anamtazama Bibi. Anatazama mguu. Anatazama bahasha yangu. Kisha akanyanyua ya kwake kutoka chini ya meza. Kubwa vilevile.

"Nawe unakwenda kwa Wahindi wa Mikocheni?"

"Ndiko," Bibi akasema. "Wewe wa wapi, dada?"

"Mie Kabula, Mnyamwezi wa Tabora. Mwanangu kaahidi kuja kunichukua, mpaka saa hii simu imezimwa."

Nikamwona Bibi anabadilika. Mgongo ukanyooka, macho yakaingia mwanga ambao sikuwa nimeuona siku nyingi.

"Mnyamwezi!" akasema kwa dharau nzuri sana. "Babu zako walitoka Tabora kwa miguu na meno ya tembo kichwani mpaka pwani. We kidumu cha asali tu kimekuvunja goti?"

Bi Kabula hakukawia hata kidogo. "Walibeba kwa sababu nyie Wazaramo mlikuwa mmekaa barazani mnangoja kuletewa. La kwako goti limeharibiwa na ngoma, usimsingizie Mungu."

"Funga mdomo, nyuki watatoka."

"Nitakuzika wewe mwanamke."

Wakapigana viganja, wakacheka mpaka Bibi akashika ubavu. Mnajua wenyewe, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana, anakuchukulia kitu chako, anakutania hata kwenye msiba wako, na ole wako ukasirike. Mie nilikuwa nauona utani misibani tu. Sikuwa nimeuona ukimpata mtu mzima juani, juu ya tenga la nyanya, ukamrudisha ujana.

Tairi lilipopona, Bi Kabula akamwachia muuza nyanya madumu yake, akawa wetu. Chidi akambana pembeni ya Bibi, bajaji ikalala upande mmoja, na mie nikakaa na dereva. Kutoka hapo hadi Mikocheni walitukanana njia nzima. Kwenye mataa, mwenye gari la jirani alishusha kioo kutaka kujua kama kuna ugomvi.

Mikocheni

Mikocheni mitaa yake imenyamaza, mageti na maua, halafu ghafla unasikia kiwanda kinanguruma nyuma ya ukuta. Hospitali ilikuwa ndogo na inanukia sabuni. Bi Kabula alipewa kitanda kilichofuatana na cha Bibi. Sikuwaomba wauguzi, na hata ningetaka nisingethubutu.

Walipasuliwa asubuhi moja, Bi Kabula kwanza. Bibi alichomwa sindano ya mgongoni, chini pakafa ganzi, juu yuko macho. Aliporudi wodini alinisimulia kwa sauti ya kulewa: "Mwaju, nimesikia nyundo na msumeno. Nikadhani wanatengeneza kabati. Nikawaambia, wanangu, mkimaliza msisahau vanishi."

Mchana wake ndipo akaja Imrani. Huyo ndiye wa mazoezi, kijana wa Kihindi aliyekulia Upanga, Kiswahili chake cha mtaani kuliko changu.

"Shikamoo Bibi. Ganzi imeisha? Chezesha vidole. Safi sana. Jioni hii tunasimama."

Bibi akamtazama kama kasikia tusi. "Tunasimama na nani?"

"Mie na wewe. Zamani mtu akibadilishwa goti alikuwa analazwa wiki na wiki. Siku hizi hapana. Goti jipya ni kama bawaba mpya, Bibi. Usipofungua na kufunga mlango mapema, linashika. Likishika, kulikunja ni shughuli."

"Mwanangu, mie nimeuguza watu Tandika nzima. Mgonjwa hulala. Mzazi hulala arobaini, anakandwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga. We waniinua damu haijakauka! Simama wewe."

Akavuta shuka mpaka kidevuni. Imrani akanitazama mie nisaidie. Nikatazama miguu yangu.

Ikasikika *ngo, ngo, ngo*. Bi Kabula. Ameshika ile fremu ya chuma ya kutembelea, gauni la hospitali limemkaa upande, jasho linamtiririka, muuguzi nyuma yake. Akasimama miguuni kwa Bibi.

"Mzaramo, hujafa tu?"

Bibi akalivuta shuka mpaka puani.

"Nangoja, ujue. Godoro lako laini kuliko langu. Ukifa leo mie nahamia. Ile khanga yako ya korosho naivaa, na kwenye matanga yako nitakula ubwabwa mpaka nibebwe."

Shuka likashuka taratibu.

"Kitanda na kitanda tu hapo, unahema hivyo," Bibi akasema. "Ungefika pwani na tembo gani wewe? Mwaju! Nipe mkono."

Alisimama. Alitetemeka, machozi yakamtoka, akamtaja Mungu na mama yake, lakini alisimama, na vidole vyake viliingia kwenye mkono wangu mpaka vikaacha alama. Imrani akatabasamu, akamkonyezea Bi Kabula.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu, na nikiandika hapa nasikia harufu yake. Asubuhi wanashindana kufika dirishani. Jioni wanashindana kufika kwenye benchi la wageni. Mie pembeni kwa Bibi, mkono wake juu ya wangu, unanuka mafuta ya nazi. Mchana anakuja Bi Shirini, mmoja wa wale mama wa Kihindi waliokuwa wanatuletea chakula, mzaliwa wa Unguja, maneno yake laini kama tambi. Alileta kichri kwenye hotpoti, wali uliopikwa na choroko mpaka ukalainika, na mtindi. Siku ya kwanza Bibi aliutazama akaninong'oneza, "Huu wa mgonjwa au wa mtoto asiye na meno?" Siku ya tatu alikuwa anaulizia ukoko.

Basi siku moja nilitoka kufua khanga. Narudi, kitanda cha Bi Kabula kitupu, kimetandikwa vizuri. Bi Shirini kasimama mlangoni kanishika bega kwa huruma.

"Mwanangu, nimesikia kwa masikio yangu. Yule bibi amwambia mwenziwe afe upesi, arithi nguo zake! Mgonjwa kuombewa mauti! Nimesema na wauguzi wamhamishe juu. Bibi yako sasa apumzike."

Nikajibu, "Ahsante." Ndiyo neno pekee lililotoka, mnijue nilivyo.

Bibi alipoelewa alimwita Bi Shirini, akamkalisha kitandani. "Mama, umefanya kwa wema, nami nakushukuru. Lakini yule ni mtani wangu. Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Akisema nife, ndiyo kuniombea uzima kwenyewe."

Bi Shirini akaziba mdomo kwa kiganja. "Yallah! Sie Unguja hatuna mambo hayo!" Akakusanya gauni lake, akapanda ngazi mwenyewe kwenda kumrudisha. Aliteremka polepole. Bi Kabula alikuwa ameshapona vya kutosha, karuhusiwa, mwanawe kaja kamchukua. Muuguzi wa juu alisema aliondoka kanuna, akidhani Bibi ndiye aliyemshtaki. Aliacha neno moja tu: "Kumbe yule Mzaramo alikuwa hatanii."

Bibi akageukia ukutani. Jioni hiyo hatukufika hata dirishani.

Sinza

Kwa Baba Mdogo ni Sinza, nyumba nzuri ya vigae, kushoto baa, kulia gesti, katikati sie na Qur'ani yetu. Tulipangiwa kukaa huko mpaka Bibi akaguliwe. Mkewe Baba Mdogo, Mama Rehema, alitandika kitanda kikubwa, akaweka mito mpaka kikafanana na cha bi harusi.

Na hapo ndipo goti lilipotaka kutushinda. Hakuna aliyetutendea ubaya. Tulitendewa wema mwingi mno. Bibi akitaka maji, yameletwa. Akitaka kunawa, beseni limekuja kitandani. Wageni wanaingia na machungwa na kila mmoja ana lile lile: "Pole mama, lala, usijitikise." Fremu Mama Rehema aliisimamisha nyuma ya mlango, akaitundikia mataulo. Nilitaka kusema. Nikasema moyoni.

Bibi mwenyewe aliacha kugomba. Hilo ndilo lilinitisha. Nilimpigia Bi Kabula kwa simu ya Bibi mara nyingi. Inaita, haipokelewi.

Imrani alipokuja kumtazama, alilikunja goti, likagoma mapema. Sura yake ikabadilika. Akatutoa nje mie na Baba Mdogo.

"Linashika," akasema. "Likikunjika kama kona ya meza, Bibi atakaa, atainuka, atapanda ngazi. Likibaki hivi, itabidi alazwe tena, apewe dawa ya usingizi, tulikunje kwa nguvu. Na hiyo nayo si ya uhakika. Kazi yenyewe iko hapa nyumbani, siku hizi hizi."

Baba Mdogo akashusha pumzi. "Basi atakaa kwangu. Kuna jamaa kaulizia ile nyumba ya Tandika."

Niliingia ndani. Bibi alikuwa anatazama dari. "Nimesikia," akasema. "Kuta za Sinza nyembamba. Mwambie Hamisi amlete mpangaji wake. Nimechoka, mjukuu wangu."

Kaniita mjukuu wangu. Miaka yote ni mke mwenza, leo mjukuu. Mnajua kwetu bibi na mjukuu nao ni watani. Bibi alikuwaga ananitania tangu naota meno, na mie sijawahi kumjibu, nacheka tu na kujificha kwenye khanga. Nikaona kama mtani wa Buguruni hapokei simu, mtani aliyebaki ni mie.

Neno la kwanza lilinitoka kama mwiba wa samaki kooni.

"Sawa. Wewe baki. Mie narudi Tandika, nachukua baraza lako."

Bibi hakugeuka. "Ulifanyie nini?"

"Niuze vitumbua."

"Wewe?"

"Mimi. Wateja… wateja wamesema vyako vilikuwa na mafuta mengi."

Feni inazunguka. Nikadhani nimemuua.

"Nani kasema?"

"Wote."

Bibi akageuza shingo, akanitazama. "Mke mwenza," akasema polepole, "hebu rudia." Nikakimbia nje.

Asubuhi yake Mama Rehema alipokwenda sokoni, nikawasha jiko la mkaa uwani, chini ya dirisha la Bibi. Nyie mnaojua vitumbua mtanisamehe. Sikuloweka mchele. Nilichukua unga wa dukani, nikautia maji badala ya tui, hamira nikamwaga kwa macho. Kikaango hakijapata moto, nikamimina. Vikanata. Mafuta yakawaka, moshi ukaingia dirishani wote.

"Mwaju! Ni nini hicho?"

"Vitumbua vya Tandika!" nikapaza sauti. Mie! Nilipaza sauti mpaka wa gesti wakachungulia. "Wateja wangu hawana haraka!"

Nikasikia mataulo yanaanguka. *Ngo. Ngo. Ngo.* Mlango wa uwani ukafunguka, na Bibi huyo hapo, khanga kaifunga kombo, uso umekunjamana kwa maumivu na hasira.

"Unga wa dukani! Maji! Unanizika nikiwa hai! Toka, toka kwenye kikaango!"

Ndipo Mama Rehema akatokea na kapu lake. "Mamaaa! Mama kasimama! Mwaju umefanya nini?"

"Niletee kiti," Bibi akamwambia, "na nazi mbili. Na mchele wa kuloweka, wa kesho."

Tangu siku hiyo Bibi alikaanga vitumbua uwani Sinza. Kwanza kwenye kiti cha mezani, mguu mbele, anageuza kwa kijiti kirefu na kunitukana. Kiti kile kilikuwa kirefu, jiko liko chini, kwa hiyo akataka kitu kifupi. Dada wa baa ya jirani akaleta makreti tuyapandanishe.

"Ya soda," Bibi akasema. "La bia sikalii, nisije nikaamka peponi nanuka."

Makreti mawili na mto, halafu mto ukaondoka, halafu likabaki kreti moja. Kila alipotaka kupunguza, goti lilimuuma, alikuwa anauma mtandio na kushuka hivyo hivyo. Akichoka analala, mguu juu ya mito na barafu kwenye taulo, kama Imrani alivyotuelekeza. Akikawia kuinuka, namwambia, "Wateja wangu wananiita." Mama Rehema naye akalainika. Kumbe alikuwa anaogopa kuambiwa kamtelekeza mkwewe. Alipoona wageni wanakula vitumbua wanasifia, akawa yeye ndiye anayewakaripia: "Asilale! Nani kasema alale?"

Imrani alirudi siku ya kukagua akamkuta Bibi juu ya kreti moja, goti limekunjika kama kona ya meza, kitumbua mkononi.

"Bibi, haya mazoezi nani kakupa?"

"Mke mwenzangu huyu. Ana roho mbaya."

Akacheka, akala vitatu. "Kibao cha mbuzi lakini bado, Bibi. Kile kifupi mno, usikifikirie."

"Nazi atakuna yeye," Bibi akasema, akanionyesha kwa kijiti.

Buguruni, mara ya pili

Siku ya kurudi Chidi alikuja kutuchukua, na Bibi akasema tupitie Buguruni. "Simama pale pale tairi lilipokufa."

Akashuka mwenyewe. Fremu tuliiacha kwenye bajaji, akachukua fimbo tu. Tukapita kati ya magunia na matenga, watu wakimpisha, "pita bibi, pita," mpaka kwenye madumu ya asali. Bi Kabula alituona tangu mbali. Hakuinuka. Uso mkavu.

Bibi akasimama mbele yake, akaegemea fimbo.

"Nimekuja kukuzika," akasema. "Nimesikia umekufa, hupokei hata simu."

Bi Kabula akapanga madumu yake, la mbele nyuma, la nyuma mbele. "Watu wengine," akasema, "ukiwatania wanakimbilia kwa wauguzi."

"Sijasema mie. Kuna mama wa Unguja alisikia unaniombea mauti, akakuamini. Mie je, niliwahi kukuamini neno lako hata moja?"

Mdomo wa Bi Kabula ukaanza kucheza pembeni. Alijitahidi kuubana.

"Umechelewa kunizika," akasema. "Nimeshafufuka."

"Basi inuka tuone."

Akainuka bila kushika meza. Wakatazamana magoti kama wanaotazamana watoto wachanga. Halafu Bi Kabula akanyoosha mkono akamvua Bibi khanga ya korosho mabegani, akajifunga yeye, na Bibi akajichukulia kidumu cha asali bila kuomba, akanipa nikibebe. Mtani hadaiwi.

"Mzaramo," akatuitia tukiondoka, "nife kwanza mie au wewe?"

"Tangulia!" Bibi akajibu. "Nikute umeshateka maji!"

Mwisho wa lami

Tulipofika Tandika mtaa ulikuwa umefungwa. Kuna harusi, turubai limekatiza njia kutoka ukuta hadi ukuta, masufuria ya pilau katikati. Bajaji haipiti. Chidi akasema atafute njia ya nyuma, dakika mbili.

"Hapana," Bibi akasema. "Nimefika."

Akina mama wa shughuli walikuja mbio, mmoja na kiti cha plastiki, wengine wanataka kumbeba juu juu. "Bi Siwema! Jamani! Kaa, kaa!" Akawapa mkono mmoja mmoja, akapita. Akapita chini ya turubai, akapita kwenye masufuria, akaonja pilau, akasema chumvi haijakolea. Mie nyuma na kikapu, kidumu cha asali na fremu begani, vinanigongagonga.

Nilinyoosha mkono wangu, ule wa kushoto, uliozoea kushikwa naye. Hakuuona. Au aliuona.

Mwendo wake ukaongezeka. Si ule wa zamani, siwadanganyi, una kilema kidogo na fimbo ndani yake. Lakini khanga ilianza kupiga, *pwa, pwa,* na mie nikajikuta nabaki nyuma. Ningeweza kumfikia. Nilipunguza makusudi.

"Mie sikungoji, mke mwenza!" akasema bila kugeuka. "Sikungoji!"

Baba Mdogo alikuwa amesimama kwenye zile ngazi za Babu zisizolingana, kafungua mikono yote miwili kama anayengoja mpira. Bibi alikuwa bado hajamfikia. Alikuwa amefika kwenye kona ya msikiti. Na pale kwenye kona, mtandio wake ukalegea. Akasimama kuufunga. Akaufunga, akaufungua, akaufunga tena.

Nikaja polepole, fremu begani. Nikamfikia, sikusema neno. Ndipo akageuka akaenda zake kwenye mlango wake, akamwambia mwanawe, "Nipishe, Hamisi, unaziba njia," akaweka mguu juu ya ngazi.